Mazoezi ya mwili na ubongo unaozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kinachotokea ndani ya seli

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazee wa Mombasa na wale wanaowatunza. Maswali yaliyomo ni yale ambayo wazee wanaotembea alfajiri kandokando ya bahari pale Mama Ngina huulizana, pamoja na yale ambayo watoto wao huuliza kwa wasiwasi pindi mzazi anapoanza kusahau. Nimejitahidi kutenganisha yaliyoonekana kwa binadamu na yaliyoonekana kwa panya wa maabara, kwa sababu mambo haya mawili huchanganywa mno, na mchanganyiko huo huwapa watu matumaini ambayo baadaye hugeuka kuwa uchungu.

Ubongo unapozeeka, ni nini hasa kinachobadilika ndani yake?

Wengi hudhani kwamba kuzeeka ni kufa kwa seli za ubongo kila siku mpaka ziishe. Sivyo. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva, yaani niuroni, takriban bilioni 86, na kwa mzee asiye na maradhi ya ubongo sehemu kubwa ya seli hizo hubaki hai. Kinachopungua zaidi ni maungano baina yao. Kila niuroni ina matawi, na juu ya matawi hayo mna vichomozo vidogo sana vinavyopokea ujumbe kutoka kwa seli jirani. Mahali seli mbili zinapokutana huitwa sinapsi. Umri unavyosonga, vichomozo hivyo hupungua, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kupanga mambo na kujizuia, na katika hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, ambacho kazi yake kubwa ni kuandika kumbukumbu mpya. Katika uzee hipokampasi hunywea kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kila mwaka.

Ndiyo maana bibi anaweza kukusimulia harusi ya mwaka 1968 pale Kibokoni, akakumbuka leso aliyovaa bi harusi na jina la mpiga fidla, kisha asikumbuke kama amemeza dawa yake ya presha asubuhi ya leo. Kumbukumbu za kale zimekwisha kutawanyika katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na hazitegemei tena hipokampasi kwa kiasi kikubwa, ilhali habari ya dawa ya leo inaitegemea.

Kuna mabadiliko mengine pia. Ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva huchakaa, kwa hiyo ujumbe husafiri polepole zaidi. Mitokondria, ambazo ndizo hutengeneza nishati ndani ya seli, hupoteza ufanisi. Mishipa midogo ya damu hukakamaa, na seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo huwa na hasira kuliko inavyotakikana. Mazoezi hugusa karibu kila moja ya mambo haya, ingawa hayagusi yote kwa nguvu sawa.

Misuli iko miguuni na ubongo uko kichwani. Habari hufikaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake limebadilisha namna wanasayansi wanavyoutazama mwili. Zamani ilidhaniwa kwamba faida yote inatokana na moyo kusukuma damu nyingi zaidi. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Msuli unaofanya kazi hutoa kemikali na kuziingiza kwenye damu, na kemikali hizo husafiri hadi kwenye viungo vya mbali, ubongo ukiwa mmojawapo.

Tuanze na lakteti, ile kemikali inayoongezeka mwilini mtu anapopanda ngazi kwa kasi mpaka mapaja yakamchoma. Kwa miaka mingi lakteti ilihesabiwa kuwa taka. Leo tunajua kwamba hupenya kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo, ikatumiwa na niuroni kama chakula, na pia ikashika vipokezi maalumu vilivyo kwenye seli zinazozunguka mishipa ya damu ya ubongo. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vipokezi hivyo vinapoguswa na lakteti, ubongo huongeza VEGF, protini inayochochea kuchipuka kwa mishipa mipya midogo. Panya waliokosa vipokezi hivyo hawakuipata faida hiyo hata walipokimbia.

Ya pili ni irisini, homoni iliyotangazwa mwaka 2012 na maabara ya Bruce Spiegelman nchini Marekani, ambayo hukatwa kutoka kwenye protini ya msuli wakati wa mazoezi. Mwaka uliofuata watafiti walionyesha kwamba njia hiyo hiyo ya kemikali hufanya kazi ndani ya hipokampasi ya panya na kuongeza BDNF, ambayo tutaieleza katika swali linalofuata. Ya tatu ni kathepsini B. Mwaka 2016 ilibainika kwamba kiasi chake katika damu huongezeka baada ya mazoezi kwa panya, kwa nyani na kwa binadamu, na kwamba panya waliozaliwa bila protini hiyo hawakuboresha kumbukumbu yao ya njia hata walipokimbia vya kutosha.

Hata ini lina sehemu yake. Mwaka 2020 kundi la Saul Villeda katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichukua plazma, yaani maji ya damu, kutoka kwa panya waliokuwa wakikimbia na kuwatia panya wazee ambao hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Panya hao wazee wakajifunza vizuri zaidi, na seli mpya zikaongezeka katika hipokampasi yao. Walipochunguza damu hiyo wakakuta kimeng'enya kiitwacho GPLD1, kinachotengenezwa na ini, na ambacho hakionekani kupenya kwa wingi kuingia ubongoni. Kinafanya kazi yake nje ya ubongo na faida ndiyo hufika ndani. Wazee wa kibinadamu waliokuwa wakijishughulisha nao walikutwa na kiwango cha juu cha kimeng'enya hicho.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanajibu shaka ya mzee anayeona kwamba kutembea ni jambo la miguu tu. Anapotembea, msuli, ini na mishipa yake ya damu vyote vinatuma ujumbe, na seli za ubongo zina vipokezi vya kuupokea.

BDNF ni kitu gani, na mbona kila makala huitaja?

Ni protini ambayo niuroni huihitaji ili ziishi, zichipue matawi na ziimarishe sinapsi. Iligunduliwa mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na wenzake nchini Ujerumani. BDNF inaposhika kipokezi chake, kiitwacho TrkB, hufungua mfululizo wa matukio ndani ya seli: jeni kadhaa huwashwa, protini mpya hutengenezwa karibu na sinapsi iliyokuwa ikifanya kazi, na vichomozo vya matawi huongezeka au hunenepa. Sinapsi inayotumika huimarika kuliko ile iliyolala.

Mazoezi ni mojawapo ya njia za uhakika kabisa za kuongeza BDNF katika hipokampasi ya mnyama. Panya aliyewekewa gurudumu la kukimbilia huonyesha ongezeko hilo ndani ya siku chache. Kwa binadamu hatuwezi kuchukua kipande cha ubongo, kwa hiyo hupimwa katika damu, na hapo tahadhari inahitajika: sehemu kubwa ya BDNF ya damu imehifadhiwa katika chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kiwango cha mkononi si lazima kilingane na kiwango cha kichwani. Kwa maoni yangu, mtu asilipie kipimo cha BDNF kwa nia ya kujua kama mazoezi yake yanafaa. Hakitamwambia lolote la kumsaidia.

Je, ni kweli kwamba mazoezi huzalisha seli mpya za ubongo?

Kwa panya, ndiyo, bila shaka. Mwaka 1999 Henriette van Praag na Fred Gage, katika Taasisi ya Salk huko California, walionyesha kwamba panya wanaokimbia hupata niuroni mpya nyingi zaidi katika hipokampasi kuliko wasiokimbia. Kwa binadamu, wataalamu wamebishana kwa muda mrefu. Mwaka 1998 kundi la Peter Eriksson na Gage lilionyesha seli mpya katika ubongo wa wagonjwa watu wazima waliofariki. Mwaka 2013 kundi la Jonas Frisén huko Sweden lilitumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita ili kukadiria umri wa seli, likakisia kwamba niuroni zipatazo 700 huongezeka kila siku katika kila hipokampasi. Kisha mwaka 2018 utafiti mmoja mkubwa ukasema haukuona seli changa zozote kwa watu wazima, na ndani ya wiki chache mwingine ukasema zipo hata katika uzee. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na namna tishu zilivyohifadhiwa baada ya kifo, kwa kuwa alama za seli changa hufifia upesi.

Mimi naona kwamba wanaohubiri mazoezi wameuegemea mno ugomvi huu. Hata kama binadamu mzee angezalisha seli chache sana, au asizalishe kabisa, zile bilioni nyingi alizonazo bado zinahitaji maungano imara, damu safi na nishati, na kwa hayo matatu ushahidi wa mazoezi una uzito kuliko ule wa seli mpya.

Ushahidi kwa binadamu uko wapi?

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Kirk Erickson, Arthur Kramer na wenzao, uliochapishwa mwaka 2011. Watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi wala ugonjwa wa kusahau, waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilitembea mara tatu kwa wiki, likaanza kidogokidogo mpaka kufikia dakika 40 kila mara. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja, picha za MRI zilionyesha kwamba hipokampasi za waliotembea ziliongezeka kwa takriban asilimia 2, na za kundi la pili zilipungua kwa takriban asilimia 1.4. Ongezeko lilikuwa katika sehemu ya mbele ya hipokampasi, na liliambatana na ongezeko la BDNF katika damu.

Lazima pia isemwe kwamba kumbukumbu iliboreka katika makundi yote mawili, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba kutembea pekee ndiko kulikoifanya kumbukumbu iwe bora. Unathibitisha kwamba umbile la ubongo wa mzee linaweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja kwa kutembea tu, jambo ambalo miaka arobaini iliyopita lingeonekana ndoto.

Ushahidi wa karibu zaidi na seli ulitoka Chicago mwaka 2022. Huko wazee wengi wamekubali kuvaa kifaa cha kupima mwendo wao wakiwa hai, na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufariki. Kaitlin Casaletto na wenzake walipopima protini za sinapsi katika bongo hizo, waliona kwamba waliokuwa wakijishughulisha zaidi walikuwa na protini nyingi zaidi za kurusha ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine, hata pale ambapo dalili za Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, zilikuwemo. Huu ni uhusiano tu, si hakikisho la sababu. Huenda mwenye ubongo bora ndiye anayependa kutoka nyumbani. Hata hivyo unakubaliana na kile kinachoonekana kwa wanyama, ambako sababu inaweza kujaribiwa.

Mishipa ya damu inahusikaje?

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mtu anapokuwa amepumzika, na hauna akiba kubwa ya chakula. Damu inapopungua, hata kwa muda mfupi, niuroni ndizo za kwanza kuumia. Damu inapopita kwa kasi wakati wa mazoezi, husugua ukuta wa ndani wa mishipa, na seli za ukuta huo hujibu kwa kutoa nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa na kuizuia isikakamae. Mazoezi ya kila wiki kwa miezi mingi hushusha presha, na presha ya muda mrefu katika umri wa makamo ni mojawapo ya visababishi vikubwa vya kiharusi na vya ugonjwa wa kusahau.

Hapa Mombasa nalisisitiza hili kuliko habari ya seli mpya. Presha na kisukari zimeenea katika nyumba zetu, na mara nyingi mzee husema hajisikii vibaya, kwa hiyo haendi kupimwa. Mishipa midogo ndani ya ubongo huharibika kimyakimya, na kwenye picha za MRI madhara yake huonekana kama madoa meupe katika sehemu ya ndani ya ubongo. Anayetembea kila siku lakini akaacha dawa zake za presha amejipunguzia mwenyewe faida ya kutembea.

Na zile seli za kinga zenye hasira?

Huitwa maikroglia. Katika ubongo wenye afya huzunguka kama walinzi wa usiku mtaani, zikiondoa taka na kukagua sinapsi. Uzeeni nyingi hubaki katika hali ya kujihami wakati wote, zikatoa kemikali za mchochota, yaani hali ya mwili kujihami kwa kuvimba na kuwaka, zinazodhuru niuroni jirani na kupunguza BDNF. Mafuta ya tumboni nayo humwaga kemikali za aina hiyo kwenye damu.

Mazoezi hupunguza mchochota kwa njia mbili: kwa kupunguza mafuta hayo, na kwa kuongeza protini za damu zinazotuliza. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba plazma ya panya wanaokimbia hupunguza mchochota katika ubongo wa panya waliokaa tu, na kwamba protini iitwayo klasterini ilihusika sana. Ilipoondolewa kwenye plazma, faida ilipotea. Watu wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu waliofanya mazoezi kwa miezi sita nao walikuwa na klasterini zaidi katika damu.

Mitokondria huongezeka kweli?

Katika misuli, ndiyo, na hilo limejulikana kwa miongo mingi. Katika ubongo limeonekana kwa panya waliokimbia kwa wiki kadhaa. Pamoja na kuongezeka, mitokondria zilizochakaa husagwa na kusafishwa kwa haraka zaidi.

Nina miaka 74 na sijawahi kufanya mazoezi. Je, nimechelewa?

Hukuchelewa, mzee wangu. Mwaka 2005 van Praag na wenzake waliwapa panya wenye umri wa miezi 19, ambao kwa panya ni uzee, gurudumu la kukimbilia kwa mara ya kwanza maishani. Baada ya takriban mwezi mmoja walijifunza njia haraka kuliko wenzao wa umri huo, na uzalishaji wa seli mpya ukarudi kufikia karibu nusu ya ule wa panya vijana. Hawakurudi kuwa vijana, ila walisogea. Katika ule utafiti wa Erickson nako, waliotembea hawakuwa wanamichezo bali watu waliozoea kukaa.

Mama yangu tayari amepatikana na ugonjwa wa kusahau. Nimlazimishe kufanya mazoezi?

Usimlazimishe, na usijilaumu. Mwaka 2018 utafiti uitwao DAPA, nchini Uingereza, uliwafuata watu 494 wenye ugonjwa huo wa kiwango cha chini au cha kati. Waliopewa programu ya mazoezi makali kiasi kwa miezi minne walipata nguvu za mwili, lakini ugonjwa haukupunguza mwendo wake. Alama zao za akili zilikuwa mbaya kidogo kuliko za wenzao baada ya mwaka. Kikemia hilo halishangazi sana, kwani ugonjwa unapodhihirika, protini za amiloidi na tau zimekwisha kujijenga kwa miaka mingi na niuroni nyingi zimekufa. BDNF haiwezi kuimarisha sinapsi ya seli isiyokuwepo.

Hata hivyo kutembea polepole pamoja naye jioni kuna faida nyingine: usingizi, hali ya moyo, usawa wa mwili unaomwepusha na kuanguka, na nafasi ya wewe na yeye kuwa pamoja bila ugomvi. Tembeeni njia ileile kila siku, mshike mkono, na uhakikishe ana kitambulisho au namba ya simu yako mfukoni.

Kazi za nyumbani, kwenda msikitini na swala vinahesabiwa?

Kwenda msikitini au kanisani kwa miguu kunahesabiwa kikamilifu, mradi mwendo uwe wa haraka kiasi. Kufua kwa mikono, kupanda ngazi za ghorofa na kubeba vikapu kutoka Marikiti pia kunahesabiwa. Swala yenyewe hunyoosha viungo na kuimarisha mapaja, na mzee anayeweza kusujudu na kuinuka bila kushikilia kitu ana miguu mizuri, lakini haipandishi mapigo ya moyo kiasi cha kutosha wala haikukusudiwa hivyo.

Basi nifanye kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Waliofikisha miaka 65 huongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini, na anayeanza na dakika kumi ameanza vizuri.

Kwa nguvu za misuli, keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama na uketi mara kumi. Nyanyua chupa mbili za maji za lita moja. Kwa usawa, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta huku kidole kimoja kikiugusa. Mazoezi ya nguvu huongeza IGF-1, homoni ambayo, kwa panya, ikizuiwa isiingie ubongoni, kukimbia huacha kuongeza seli mpya.

Joto la Mombasa na mwezi wa Ramadhani je?

Wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jua na unyevu wa hewa huufanya mwili ushindwe kujipoza, na wazee huchelewa kuhisi kiu. Toka baada ya alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Ukipenda mchanga, angalia maji ya bahari: maji yanapokupwa, mchanga ulioshikana kule Nyali na Bamburi hauchoshi vifundo kama mchanga mkavu wa juu. Madafu ni mazuri, ila mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe bila kumuuliza daktari, kwa kuwa yana potasiamu nyingi.

Katika Ramadhani, wengi hupata nafuu kwa kutembea baada ya futari, au kabla au baada ya tarawehe. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apange saa na kipimo pamoja na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, maana kutembea na njaa huku dawa ikifanya kazi kunaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazirai.

Kucheza bao barazani hakutoshi?

Bao hukufanya ukokotoe na ukumbuke, na mazungumzo ya barazani ni hazina kubwa. Upweke ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau. Lakini mambo haya mawili hufanya kazi tofauti ndani ya seli. Kwa panya, kukimbia huongeza zaidi idadi ya seli shina zinazogawanyika, ilhali mazingira yenye mambo mengi ya kujifunza husaidia seli changa zibaki hai na zijiunge na nyingine, na vyote viwili pamoja huzidi kimoja. Utafiti wa FINGER wa Finland, uliochapishwa mwaka 2015, uliwagawa wazee 1,260 makundi mawili; takriban nusu yao waliunganishiwa mazoezi, chakula bora, mafunzo ya akili na uangalizi wa presha na sukari kwa miaka miwili, na kundi hilo likafanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko lile lililopewa ushauri wa kawaida. Kwa hiyo tembea kwanza kwa nusu saa, kisha uketi barazani, unywe kahawa chungu na ucheze.

Kuna kidonge kitakachochukua nafasi ya mazoezi?

Hakuna. GPLD1, irisini na klasterini zinachunguzwa, lakini kila moja ni sehemu ndogo ya mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja mtu anapotembea. Yeyote anayekuuzia unga au kinywaji cha kuongeza BDNF, muulize ni utafiti gani wa binadamu unaomthibitishia.

Magoti yangu yameharibika na siwezi kutembea mbali. Nifanyeje?

Msuli wowote unaofanya kazi hutoa zile kemikali, si wa miguu peke yake. Ukiwa umeketi unaweza kuzungusha mikono na kurusha ngumi hewani kwa dakika tano, ukapumzika, kisha ukarudia, mpaka upumue kwa kasi kidogo. Mtaalamu wa viungo katika hospitali iliyo karibu nawe anaweza kukupangia mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, na mara nyingi maumivu ya goti hupungua msuli huo unapopata nguvu. Njia nyingine, ambayo sisi wa pwani tumejaliwa, ni kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, kwa sababu maji hubeba uzito wa mwili na huku yakiupa msuli kazi. Nenda bahari ikiwa tulivu, vaa viatu vya mpira kwa ajili ya miba ya urumba, na usiingie bila mtu mwenye uwezo wa kuogelea kando yako. Ukihisi kifua kubana, kizunguzungu, au mkono mmoja kulegea na maneno kukwama, acha papo hapo na upelekwe hospitalini bila kusubiri kesho.